Zulia au Sakafu Ngumu: Namna ya Kuamua Kabla ya Kumwita Fundi

Mtu anayehamia nyumba nyingine jijini Nairobi huulizwa na jamaa zake maswali mawili kabla hata hajafungua masanduku: maji huja siku ngapi kwa wiki, na sakafu ni ya nini. Waulizaji hawayaunganishi maswali hayo, lakini mimi nimejifunza kuyaunganisha, kwa kuwa takriban kila kosa la sakafu nililoliona katika jiji hili lina maji ndani yake, yawe maji yaliyokuja bila kutarajiwa au maji yaliyokosekana siku ya kufua.

Miaka ile tulipokuwa tukipanga South B, sebule yetu ilikuwa na zulia lililogundishwa kutoka ukuta hadi ukuta, rangi ya chai ya maziwa, na chini yake sponji ya unene wa kidole. Maji yalikuwa yamekatika tangu Jumanne. Mmoja wetu, na mpaka leo hakuna aliyekiri, alifungua mfereji wa jikoni, ukakohoa hewa, akauacha vivyo hivyo akaenda kulala. Maji yakarudi usiku wa manane, na vyombo vilivyokuwa ndani ya sinki vilikuwa vimeziba tundu la kutolea maji. Tulipoamka zulia lilikuwa limekunywa kila kilichofurika, na lilitoa sauti ya matope kila tulipolikanyaga. Tulilikamua kwa mataulo, tukafungua madirisha, na baada ya siku tatu uso wake ulikuwa mkavu. Lakini ulikuwa mwezi wa Julai, na sponji iliyo chini haikukauka. Wiki ya pili harufu ilianza. Wiki ya tatu tulinyanyua pembe moja nyuma ya kochi tukakuta madoa meusi ya ukungu yametambaa hadi nusu ya chumba. Zulia lile lilikatwa vipande kwa kisu, likatolewa likiwa zito kama mzoga, na mwenye nyumba akakata gharama yake kwenye amana yetu.

Tangu siku hizo nafuata kanuni moja: kisichoweza kunyanyuliwa kiwe kigumu, na kilicho laini kiweze kunyanyuliwa. Yaani sakafu ya kudumu iwe ya saruji, terrazo (saruji yenye chembe za mawe), vigae au mbao, na zulia liwe kipande ambacho watu wawili wanaweza kukikunja na kukitoa nje. Nitaeleza namna ya kuitumia kanuni hiyo chumba kwa chumba, na pia mahali ambapo mimi mwenyewe ningeivunja.

Kagua kwanza kilicho chini

Kabla ya kwenda Eastleigh kutazama mazulia au kuzunguka maduka ya vigae, tumia siku moja kuijua sakafu uliyo nayo. Nyumba iliyo juu ya ardhi moja kwa moja haina tabia sawa na ile ya ghorofa ya nne, na nyumba iliyojengwa juu ya udongo mwekundu wa upande wa Westlands au Kiambu haina tabia sawa na iliyojengwa juu ya udongo mweusi wa Embakasi, Syokimau au Kitengela. Udongo mweusi huvimba unaponyonya maji ya masika na husinyaa ukikauka, na msingi usiozingatia jambo hilo huipasua sakafu mwaka baada ya mwaka. Ukiona ufa unaopanuka na kujifunga kufuata majira, usiufunike kwa kigae ukidhani umeutibu, kwa maana kigae kitapasuka kwa kuufuata. Mwite kwanza mtu anayejua misingi.

Unyevu hupimwa kwa njia rahisi isiyohitaji chombo chochote. Chukua kipande cha karatasi ya plastiki inayopenya mwanga, chenye upana wa nusu mita kila upande, kibandike juu ya saruji tupu kwa utepe unaonata ili hewa isipite pembeni, kisha ukiache kwa mchana na usiku mzima. Ukikinyanyua ukakuta matone upande wa ndani, au saruji iliyokuwa chini yake imekuwa nyeusi kuliko ile ya pembeni, basi unyevu unapanda kutoka chini. Sakafu kama hiyo haifai zulia la kugundisha, haifai laminati (vibao vya unga wa mbao uliogandamizwa) wala mbao, mpaka chanzo cha unyevu kitafutwe. Vigae huustahimili zaidi, ingawa rangi ya viungo vyake inaweza kubadilika.

Wenye nyumba mpya ndio huumizwa zaidi na jambo hili, kwa kuwa wana haraka ya kuhamia. Saruji huhesabiwa kuwa imekomaa kwa nguvu baada ya siku 28, lakini kukomaa na kukauka ni mambo mawili tofauti. Kadirio linalotumiwa sana ni kwamba kila unene wa milimita 25 huhitaji takriban mwezi mmoja kukauka, na katika baridi ya Julai huchukua muda mrefu zaidi. Fundi mmoja mzee aliyekuwa akitutengenezea nyumba alipiga goti, akaweka kiganja chake sakafuni kama anayempima mtoto homa, akaniambia, "Mama, hii bado inatoa jasho. Ukiilalia mbao sasa hivi, utaniita tena Oktoba." Tulingoja, ingawa ndugu zangu walinung'unika kwa kulipa kodi ya nyumba mbili kwa wakati mmoja.

Katika nyumba za zamani, nyanyua pembe ya zulia lililopo kabla ya kuamua lolote. Nyumba nyingi za enzi zile upande wa Kilimani na Lavington zilitandazwa vipande vidogo vya mbao ngumu, baadhi yake muhugu, mti uleule unaoota katika msitu wa Karura, na wapangaji waliofuata wakavifunika. Mbao za namna hiyo, zikipigwa msasa na kupakwa vanishi, hushinda karibu kila kitu utakachonunua leo. Vivyo hivyo terrazo, ile saruji yenye chembe za mawe iliyosagwa hadi ikang'aa, ambayo watu huifunika kwa vigae vya bei rahisi kwa sababu tu imefifia, ilhali ingeweza kusagwa upya ikarudi kama ilivyokuwa.

Chumba kwa chumba

Jikoni, bafuni, msalani na kwenye roshani hakuna mjadala: sakafu iwe ngumu na isiteleze. Wanaoweka zulia bafuni wameliona kwenye picha za nchi ambazo maji ya kuoga hayamwagwi kwa kopo.

Sebule inahitaji kufikiriwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayopokea matope ya mji. Nairobi ina misimu miwili ya mvua, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katika miezi hiyo udongo mwekundu huingia ndani kwa nyayo za kila mtu. Katika nyumba ambazo desturi ni kuvua viatu mlangoni, kama zilivyo nyingi za Eastleigh na South C, zulia la sebuleni hudumu kwa miaka. Katika nyumba nyingine mgeni huinama kufungua kamba, na mwenyeji, kwa adabu, humwambia, "Usivue, ingia tu," huku macho yake yakiwa kwenye soli. Jiulize bila kujidanganya nyumba yako ni ya aina gani. Kama wewe ni wa "ingia tu", weka vigae kuanzia mlangoni, na zulia lianzie mbali, kwenye meza ya katikati, ambako mgeni atakuwa ameshapiga hatua sita na kuacha matope yake mahali panapoweza kupigwa deki.

Chumba cha kulala ndicho mahali zulia linapodai haki yake. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi za Selsiasi, na pengine chini ya hapo. Kigae na zulia vilivyo katika chumba kimoja vina joto lilelile. Tofauti ni kwamba kigae hupokonya joto la wayo haraka, ilhali nyuzi za zulia, kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati yake, hulipokonya polepole. Kwa hiyo huhitaji kufunika chumba kizima ili usihisi baridi. Unahitaji kufunika pale miguu inapotua unapoamka, na vipande viwili vya kando ya kitanda hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko zulia zima ambalo robo tatu yake imekaa gizani chini ya kitanda ikikusanya vumbi.

Chumba cha mtoto anayetambaa, au cha mzazi mwenye umri mkubwa, kina hesabu nyingine. Anayeanguka juu ya zulia huumia kidogo kuliko anayeanguka juu ya kigae, lakini kinachomwangusha mzee mara nyingi ni ukingo wa zulia dogo uliojikunja, au kigae kilichong'arishwa kikiwa na tone la maji. Mkiishi na mzee, ondoeni vile vizulia vidogo vya mapambo, tumieni zulia moja kubwa ambalo kingo zake zimebanwa na samani, na chini yake muweke wavu wa mpira unaozuia kuteleza.

Kisha kuna jirani wa chini. Katika majengo ya ghorofa, mlio wa kiti kinachoburutwa juu ya vigae na mlio wa kinu cha kitunguu saumu husikika chini kama vile vinafanywa juu ya paa la bati. Zulia humeza mshindo wa hatua, na vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti humeza sehemu kubwa ya uliobaki. Kama una watoto wanaokimbia na unaishi juu ya mtu, zulia la sebuleni ni sehemu ya ujirani mwema.

Vumbi, kifua na wadudu

Kwa nyumba yenye mtu mwenye pumu au mafua yasiyoisha, mimi husema wazi: sakafu ngumu. Utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho, hula chembe za ngozi zinazotudondoka na hupenda mahali penye unyevu na joto la mwili, kama vile magodoro na mazulia mazito. Kinyesi chao ndicho huwasha kifua. Zulia la kugundisha haliwezi kufuliwa likatakata mpaka chini, na mashine ya kufyonza vumbi huondoa sehemu tu ya kilichomo.

Hata hivyo sakafu ngumu haimponyi mtu yenyewe. Ukiifagia ikiwa kavu kwa ufagio mkali, unalirusha angani vumbi ambalo zulia lingelishika, na mgonjwa atalivuta. Faida yake huonekana ikifutwa kwa kitambaa chenye majimaji, kila siku katika miezi ya ukavu. Ndoo moja ya maji hutosha sebule na vyumba viwili, jambo la maana siku ambazo mfereji umekauka na mtungi umebaki nusu. Mashine ya kufyonza vumbi, kwa upande wake, haihitaji maji lakini inahitaji umeme: yenye nguvu ya wati 1,500 hula uniti moja na nusu kwa saa, na anayenunua tokeni anajua maana yake.

Wenye paka au mbwa wakumbuke kwamba mayai ya viroboto hudondoka zuliani na kuanguliwa humo. Nao kunguni, wakishaingia nyumbani, hupata chini ya kingo za zulia la kugundisha maficho ambayo dawa huyafikia kwa shida.

Ukichagua sakafu ngumu

Saruji iliyolainishwa na kupakwa rangi nyekundu, kisha ikasuguliwa kwa nta, imelea watoto wengi wa mitaa ya Eastlands na bado ni chaguo la heshima kwa mwenye fedha kidogo. Huchakaa njiani na huhitaji nta mara kwa mara, lakini haiozi, haivimbi, na ufa wake huzibwa kwa saruji.

Vigae ndivyo wengi huishia kuchagua, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kutojua. Kuna seramiki ya kawaida na kuna poseleni. Geuza kigae, dondoshea maji kidogo mgongoni mwake usipong'aa, ungoje. Seramiki huyanywa maji na kubadilika rangi. Poseleni, ambayo kunywa kwake maji hakuzidi nusu asilimia ya uzito wake, huyaacha yakitambaa juu. Kutokana na tofauti hiyo, seramiki inaweza kuloweshwa na kulazwa kwa mchanga na saruji kama mafundi wetu walivyozoea, lakini poseleni haishikwi vizuri na mchanganyiko huo, bali inahitaji gundi maalumu ya vigae inayouzwa kwa mifuko. Fundi akikwambia gundi ni kupoteza pesa, huku ameshika poseleni mkononi, tafuta fundi mwingine.

Kosa la pili ni la kulaza. Fundi mwenye haraka huweka matonge matano ya saruji, manne kwenye pembe na moja katikati, akabandika kigae juu yake. Kinaonekana kimekaa sawa, lakini chini yake kuna mapango. Siku sufuria ikianguka juu ya pango, kigae hupasuka kama sahani. Kabla ya kumlipa malipo ya mwisho, vua viatu, shika sarafu, piga kila kigae kwa ukingo wake katikati na pembeni. Kilichoshika vizuri hutoa mlio mfupi mzito, na kilicho na pango hutoa mlio mtupu unaovuma. Tia alama kwa chaki vile vinavyovuma, mwite fundi, mvipige pamoja. Mimi nilitia alama kwenye vigae kumi na vinne katika chumba kimoja, na fundi hakubisha hata kimoja.

Kuhusu uso wa kigae, usiamue kwa mwanga wa dukani. Omba kipande kimoja, kipeleke nyumbani, kimwagie maji, na ukikanyage kwa mguu mtupu na kwa kandambili. Vinavyong'aa kama kioo hupendeza sebuleni pasipo na maji. Jikoni na bafuni chukua vyenye uso mkavu ulio na ukwaruzo kidogo. Rangi nyeupe tupu huonyesha kila unywele, na nyeusi tupu huonyesha kila punje ya vumbi, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Rangi ya kijivu au ya mchanga, yenye mawimbi, hukusitiri kati ya deki moja na nyingine.

Kisha kuna mkeka wa mbao, ambao si mkeka wala si mbao, bali ni plastiki iliyochapwa picha ya mbao na kuuzwa kwa marobota, na umeenea Nairobi kwa sababu nzuri. Unatandazwa kwa siku moja, hupigwa deki, na ni wa joto kidogo kuliko kigae. Wasichokuambia ni kwamba ule mwembamba huonyesha kila kijiwe na kila shimo la saruji iliyo chini, kwa hiyo sakafu lazima isawazishwe na kufagiliwa mpaka mkono ukipita usihisi kitu. Huungua kwa pasi na kwa sufuria iliyotoka jikoni, hupauka kwenye dirisha la jua la mchana, na maji yakiingia kwenye kiungo chake hukaa chini yake kwa siri. Chukua ulio mnene kadiri mfuko unavyoruhusu, uulaze ili viungo visikae njia ya kupita watu, na jikoni uepuke kiungo karibu na sinki.

Laminati, vile vibao vya unga wa mbao uliogandamizwa vinavyoshikana kwa ndimi, ni nzuri chumbani na mbaya popote penye ndoo. Kingo zake zikinywa maji huvimba na hazirudi. Ukiinunua, iache ndani ya chumba chake kwa saa 48 kabla ya kulazwa ili izoee hewa ya humo, na uhakikishe fundi ameacha nafasi ya milimita 8 hadi 10 kando ya kila ukuta, ambayo skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, itaifunika. Bila nafasi hiyo, sakafu ikitanuka majira ya mvua hunyanyuka katikati kama mgongo wa punda.

Ukichagua zulia

Lipinde zulia kuelekea nyuma mahali popote na utazame mshono: ukiona kitambaa cha chini kinachungulia kati ya nyuzi, nyuzi ni chache, na zulia hilo litalala bapa kabla ya mwaka kwisha, hata kama manyoya yake ni marefu. Wingi wa nyuzi una thamani kuliko urefu wake. Yale ya manyoya marefu yanayopendwa sasa hupendeza siku ya kwanza, lakini makombo ya chapati huzama humo yasionekane tena mpaka siku ya kufuliwa.

Ili kujua zulia ni la nini, omba uzi mmoja ulioning'inia. Uweke ndani ya glasi ya maji na uubonyeze ulowe: polipropilini huelea, nailoni na poliesta huzama. Ukiuchoma kwa uangalifu nje ya duka, sufi hunuka kama nywele zilizoungua na moto wake huzimika wenyewe, ilhali nyuzi za plastiki huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Polipropilini ni nafuu, haishiki madoa kwa urahisi na hukauka haraka, ila hulala bapa upesi. Nailoni husimama tena baada ya kukanyagwa. Sufi ni ya joto na hudumu, lakini ni nzito, hunywa maji mengi, na hupendwa na nondo.

Swali linalosahaulika ni nani atalifua na wapi litakauka. Zulia la futi 5 kwa 8 huoshwa nyumbani na watu wawili. La futi 7 kwa 10, likilowa, halipandi ngazi hadi kamba za juu ya paa. Watu wengi huyapeleka kwa vijana wanaoosha magari kandokando ya barabara, na kazi yao ni nzuri, lakini simama utazame mara ya kwanza. Angalia kama wanasuuza mpaka maji yanayotoka yawe safi, kwa kuwa sabuni inayobaki hunasa uchafu upya ndani ya wiki moja, na angalia linakoanikwa, kwa maana zulia lililoanikwa kwenye uzio wa barabara ya vumbi hurudi na vumbi hilo. Panga kufua Januari au Februari, jua linapokuwa kali, na uepuke Julai kabisa. Siku ya kulirudisha, weka kiganja upande wa chini, si wa juu.

Nilisema kuna mahali ningeivunja kanuni yangu. Ni chumba cha kulala cha ghorofa ya juu, katika nyumba ambayo ni yako mwenyewe, kisicho na bomba la maji ukutani, ambamo hakuna mwenye pumu wala mnyama, na pia ngazi za ndani ambazo watoto huzipanda mbio. Hapo zulia la ukuta hadi ukuta, la nailoni au sufi yenye nyuzi fupi zilizobanana, lina maana. Hata hapo, mwambie fundi alishike kwa vibao vyembamba vyenye misumari vinavyopigiliwa kandokando ya ukuta badala ya kumwaga gundi sakafu nzima, ili siku ya kulitoa isiwe siku ya kukwangua.

Kama wewe ni mpangaji

Usigundishe chochote bila idhini ya maandishi, hata kama mwangalizi wa ploti amekwambia hakuna neno. Piga picha za sakafu siku ya kuingia, pamoja na kila ufa na kila kigae kilichopasuka. Kama sakafu ni mbovu, mkeka wa mbao uliotandazwa bila gundi, ukashikwa kingoni kwa utepe na kukaliwa na samani, utakutosha mpaka uhame, na utahama nao. Mazulia nunua kwa vipimo vinavyoweza kuingia katika nyumba ijayo, maana sebule za wapangaji hazilingani, na ile kubwa uliyoizoea leo huenda usiipate kesho.

Kupima na kununua

Tuchukue chumba cha mita 3.9 kwa 3.5. Eneo lake ni mita za mraba 13.65. Kwa vigae, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, upate 15.0 na kitu. Vigae vya sentimita 60 kwa 60 vinavyofungwa vinne kwa boksi hufunika mita za mraba 1.44, kwa hiyo utahitaji maboksi 11. Nunua yote kwa mara moja na hakikisha namba ya shehena iliyopigwa kwenye kila boksi ni ileile, kwa kuwa shehena mbili za kigae kimoja huweza kutofautiana rangi kiasi ambacho huoni dukani bali utakiona kila asubuhi sebuleni.

Kwa mkeka wa mbao wenye upana wa mita 2, mwelekeo ndio unaoamua gharama. Ukiulaza vipande viwili kando kwa kando kufuata upande wa mita 3.5, upana wa mita 4 unafunika ile 3.9 na kubakiza sentimita 10 za kukata, na utanunua vipande viwili vya mita 3.6, yaani mita 7.2. Ukiulaza kufuata upande wa mita 3.9, utanunua vipande viwili vya mita 4, yaani mita 8, na nusu mita nzima ya upana itakatwa na kutupwa. Pima kila ukuta mahali patatu, kwa sababu kuta chache sana Nairobi zimenyooka, na uchukue kipimo kikubwa.

Vigae viwili au vitatu vitakavyobaki usivigawe wala usimwachie fundi, ingawa ataviomba. Viweke chini ya kitanda vimefungwa gazeti, na namba ya shehena uiandike kwa kalamu upande wa ndani wa mlango wa kabati la jikoni, mahali ambapo hata atakayehamia baada yako ataiona.